Dizeli, Umeme, na Kiti cha Nyuma Kushoto

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Kulitaja jina lake bila kusimama wima ni kosa, na mimi naandika nimekaa, maana mgongo unaniuma tangu nilipoteuliwa kuwa Katibu wa Tume. Itoshe kusema ni nchi ya amani, yenye mabango mengi ya kutukumbusha kwamba ina amani, na umeme wake hukatika kwa ratiba. Ratiba hiyo hutangazwa redioni, saa ambazo redio haziwaki.

Mambo yalianza siku Rais wa nchi jirani alipokuja kututembelea. Alikuja na gari lake mwenyewe, refu, jeusi, la umeme, lisilo na sauti hata kidogo. Gwaride letu la heshima lilikuwa limezoezwa kupiga saluti pale tu linaposikia muungurumo wa dizeli. Gari likaingia kimya. Askari mia mbili wakabaki wanatazama mbele, bendi ikabaki imekumbatia matarumbeta, na mgeni akajifungulia mlango mwenyewe, akasimama juu ya zulia jekundu akitafuta mtu wa kumpa mkono. Aliyemwona ni mama mmoja aliyekuwa akifagia uwanja. Akamwambia, "Karibu baba, wenyewe wapo, sijui wamepatwa na nini." Mama huyo alihojiwa siku nne.

Aibu ile iliigawa serikali. Walikuwepo waliosema na sisi viongozi wetu wapande magari ya umeme, na walikuwepo waliosema dizeli ndiyo uti wa mgongo wa heshima. Waziri wa Itifaki alilihutubia Bunge kwa saa tatu.

"Mwananchi asiposikia muungurumo," alisema, "atajuaje kwamba anaongozwa? Mtoto yuko darasani, anasikia gari la dizeli linapita, anasimama! Anajua taifa limepita! Leo mnataka taifa lipite kimya kama mwizi wa kuku?"

Alipigiwa makofi dakika kumi na moja. Akasimama Waziri wa Mazingira, mtu wa upole, akasema mwananchi wetu amekula vumbi na moshi wa viongozi kwa miaka sitini bila kulalamika, na sasa umefika wakati wa kumwondolea moshi, abaki na vumbi tu. Naye akapigiwa makofi dakika kumi na moja, ili haki itendeke.

Ndipo ikaundwa Tume ya Kulinganisha Dizeli na Umeme katika Magari ya Waheshimiwa, yenye wajumbe arobaini na mmoja. Mwenyekiti akawa Mheshimiwa Profesa Balozi Kanali mstaafu Ngwilizo, ambaye hajawahi kushika usukani maisha yake yote. Miaka thelathini ameketi kiti cha nyuma kushoto, na hicho ndicho kilichompa sifa. Katibu nikawa mimi, Mwaluvanda, mtumishi wa serikali kwa miaka ishirini na saba, ambaye sijawahi kuandika kumbukumbu za kikao zikarudishwa kwa kosa lolote. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo jambo pekee ninaloweza kujisifia.

Tume ilianza kwa kusafiri wiki saba katika nchi za baridi kutazama magari yanavyotembea. Walirudi na skafu. Kisha ukafanyika utafiti wa nyumbani, nao kwa kweli ulikuwa wa kina. Tuliketi mbele ya wizara zote tukiwa na daftari, tukagundua kwamba gari la mheshimiwa, kwa siku moja ya kazi, hutembea kilomita kumi na moja na husubiri saa tisa. Husubiri injini ikiwaka na kiyoyozi kikipuliza, hakuna mtu ndani, ili mheshimiwa akitoka kikaoni akikute kiti chake kina ubaridi.

Profesa Ngwilizo aliyasoma matokeo hayo mara mbili, akavua miwani.

"Ndugu wajumbe," alisema, "tulikuwa tunapotea. Swali si gari lipi linakwenda vizuri. Kwenda kila gari linakwenda. Swali ni gari lipi linasubiri vizuri."

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Jaribio la Kusubiri. Magari mawili mapya, moja la dizeli na moja la umeme, yaegeshwe mahali pamoja siku tatu mfululizo bila kuzimwa wala kufunguliwa milango. Kipimajoto kiwekwe juu ya kiti cha nyuma kushoto. Kila nusu saa Katibu achungulie kioo na kuandika. Kiti kisizidi nyuzi kumi na nane. Litakalotunza ubaridi kwa uaminifu ndilo litakalobeba taifa.

Tatizo likawa mahali. Gari la umeme lilihitaji umeme usiokatika, na mji mkuu haukuwa nao hata Ikulu. Gari la dizeli lilihitaji dizeli, na vituoni ilikuwa imeadimika wiki ya pili. Wajumbe wakatazamana. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika, si kusema. Lakini nikanyoosha mkono.

Siku tisa kabla ya hapo, binti yangu Subilaga alikuwa amejifungua kwa upasuaji katika hospitali ya kwetu, kule nyanda za juu. Mtoto alikuja miezi miwili kabla ya wakati, wa kiume, kilo moja na robo. Nilikwenda kumwona. Nikakuta chumba cha watoto njiti, kimejengwa na wafadhili, kuta za vioo, mashine tatu za joto, na laini yake ya umeme ya peke yake, isiyokatika mwaka mzima. Nyuma ya chumba kulikuwa na jenereta na tangi la dizeli lililojaa, limefungwa kwa kufuli. Nikayaeleza hayo yote mbele ya Tume, kwa ufasaha, bila kusahau hata lile tangi.

Nilipigiwa makofi. Kwa miaka ishirini na saba hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na furaha mbili, ya kusifiwa na ya kupata safari ya kikazi ya kwenda kumwona mjukuu wangu.

* * *

Ilikuwa mwezi wa sita, na huko kwetu mwezi wa sita hata mbwa hutoka nje kwa kusitasita. Asubuhi majani yana barafu. Watu wanatembea wamejifunga makoti na vitenge hadi puani. Tukayaegesha magari mbele ya kile chumba cha vioo, moja huku na moja huku, viyoyozi vikaanza kupuliza baridi. Nje ilikuwa nyuzi tisa. Nikachungulia, nikaandika: kiti cha dizeli nyuzi kumi na moja, kiti cha umeme nyuzi kumi na moja. Magari yote yamefaulu. Mjumbe mmoja aliuliza kama haingekuwa vema kuzima viyoyozi, kwa kuwa baridi ipo ya bure. Aliambiwa kwamba baridi ya mheshimiwa haiokotwi nje.

Wajumbe walitetemeka sana. Hospitali ikawaazima mablanketi ya wodini.

Waya wa gari la umeme ulipitishwa dirishani hadi kwenye soketi ya ukutani, jirani na mashine ya mjukuu wangu. Dizeli ya tangi ilitolewa yote kwa barua ya kuazima, ikajazwa kwenye gari la jaribio, na iliyobaki ikagawiwa kwenye magari ya wajumbe kwa ajili ya shughuli za kitaifa. Barua ilisainiwa na Mganga Mfawidhi bila kusoma. Aliyekataa ni Sista Wande, muuguzi wa chumba kile, mama mfupi mwenye sweta la kijani, ambaye amelea watoto wa namna ile miaka kumi na minne.

"Mzee, hii laini ni ya watoto," aliniambia.

"Sista, ni siku tatu tu."

"Mjukuu wako ana siku kumi na mbili duniani. Kwake siku tatu si 'tu'."

Profesa Ngwilizo alisikia, akasogea, kwa kuwa hupenda kuelimisha.

"Na jenereta likihitajika, mheshimiwa?" Sista alimuuliza. "Tutaliwasha kwa maji?"

"Sista, tufikiri pamoja. Jenereta ni la wakati umeme umekatika. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Na laini hii haijawahi kukatika. Sivyo?"

"Haijawahi."

"Basi dizeli ile ilikuwa imekaa bure. Sisi tumeipa kazi."

Nikaandika maneno hayo katika kumbukumbu. Niliyaona ya busara.

Kati ya kuchungulia na kuchungulia nilikuwa napata dakika za kuingia ndani. Mjukuu wangu alikuwa hajapewa jina bado. Kwetu jina hungoja kitovu kidondoke. Kwenye mashine yake walibandika plasta imeandikwa "Mtoto wa Subilaga". Kipimajoto cha mashine kilisoma thelathini na nne. Alikuwa na kucha, jambo ambalo lilinishangaza, kucha kamili ndogo kama punje za mtama. Subilaga alikuwa wodi ya akina mama, kidonda kimemletea homa, dripu mkononi. Maziwa yake walikuwa wanayakamua na kumpelekea mtoto kwa mrija.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mtoto hajambo. Nimetoka kumwona."

"Nasikia muungurumo tangu asubuhi. Hayo magari yanamngoja nani?"

"Hayamngoji mtu. Yanangoja tu."

Akafumba macho. Nilidhani ameridhika na jibu.

* * *

Siku ya pili, saa nne na robo asubuhi, wajumbe waliotetea umeme, tuliowaita Upande wa Umeme, waliona betri ya gari lao inashuka kuliko ilivyopendeza. Wakaleta chaja kubwa, ile ya haraka, wakaichomeka mahali pale pale. Ikasikika paa! Ikafuata harufu ya plastiki iliyoungua. Laini isiyokatika ikawa imekatika, na mashine tatu zikazimika kwa pamoja.

Sista Wande alipiga kelele jenereta liwashwe. Jenereta likazungushwa, likakohoa mara tatu, likanyamaza. Dizeli yake ilikuwa hatua sita kutoka pale, ndani ya gari jeusi, inaunguruma kwa ajili ya kiti kitupu. Dereva wa gari lile, Kasyupa, mtu mzima wa makamo, alijaribu kuinyonya kwa mpira airudishe, lakini tangi la gari la mheshimiwa lina kizuizi cha wezi. Ya kwenye magari ya wajumbe ilikuwa imekwenda mjini kwenye shughuli za kitaifa.

Watoto wawili waliwekwa kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakafunikwa. Wa tatu mama yake alikuwa anatetemeka kwa homa kuliko yeye. Sista Wande akamtia ndani ya sweta lake, akazunguka kutafuta mahali pa joto, na hapakuwa na mahali. Chumba kilikuwa cha vioo. Mablanketi yalikuwa mabegani mwa Tume. Akatoka nje, akaja moja kwa moja hadi kwenye gari la dizeli.

"Mzee, hili lina hita?"

Kasyupa ndiye aliyejibu. "Hita ya hili ni moto balaa, Sista. Dakika mbili linakuwa kama jiko. Ngoja nizime hiki kiyoyozi, uingie."

Askari wa lindo akaweka bunduki mbele ya mlango, bila ukali. Akanigeukia mimi. "Mkuu, nimruhusu?"

Wote watatu wakanitazama. Sista alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, pale mjukuu wangu alipokuwa.

"Sisi tutageuka, mzee," alisema Kasyupa kwa sauti ya chini. "Wewe sema ndiyo tu, hatujaona kitu."

Naomba msomaji anielewe. Kanuni ya nne ilikataza mlango kufunguliwa kabla ya saa sabini na mbili. Kanuni ya nne niliiandika kwa mkono wangu. Nikasema, "Ngoja niandike."

Nikaandika dokezo sabili, ile karatasi ya ndani ya ofisi ya kumwombea mkubwa kibali. Niliandika vizuri, nikiwa nimeweka karatasi juu ya boneti, ambayo ilikuwa na joto. YAH: OMBI LA KUTUMIA KITI CHA NYUMA KUSHOTO KWA DHARURA. Nikaeleza mwombaji ni mtoto mmoja wa kiume, uzito kilo moja na robo. Nilikuwa nimeandika pia kwamba ni mjukuu wangu, nikakata, kwa sababu ungekuwa mgongano wa maslahi. Na kwa kuwa dokezo lenye mkato halipelekwi kwa mkubwa, nikachukua karatasi nyingine, nikaliandika upya.

Profesa alikuwa ukumbi wa mikutano, anawahutubia viongozi wa mkoa. Nikasimama mlangoni. Mtu hakatizwi katikati ya sentensi, na sentensi za Profesa ni ndefu. Dakika kumi na mbili baadaye makofi yakapigwa, nikapenya, nikampa. Alisoma, akavua miwani, akafuta macho. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniumiza, kwamba katika jambo hili lote sikumwona mtu mbaya hata mmoja wa kumchukia kwa raha.

"Ndugu Katibu, tusionekane hatuna utu," alisema. "Nakubali. Lakini tazama. Ukimweka mtoto kwenye dizeli peke yake, kiti cha dizeli kitapanda joto. Upande wa Umeme watasema tumewapendelea wa dizeli, au wa dizeli wenyewe watasema tumewahujumu. Ulinganisho umekufa. Lazima awepo mtoto mwingine kwenye gari la umeme, kwa wakati huo huo. Tena uzito uwe sawa."

Akachukua kalamu ya wino wa kijani, akaandika pembeni: Limekubaliwa. Wawe wawili, uzito sawa.

Nilikimbia. Nina miaka hamsini na sita, tai ya Tume inapepea begani, kibali mkononi. Nataka niseme ukweli hapa hata kama unanitia kinyaa: nilipokuwa nakimbia nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimepata kibali.

Sista Wande nilimkuta ameketi chini, mgongo wake kwenye mlango wa gari. Kasyupa alikuwa amemfunika koti lake. Askari alikuwa amevua kofia, nikadhani ni kwa sababu ya jua, maana lilikuwa limeanza kutoka kidogo.

"Sista, limekubaliwa!" nilisema, nikihema. "Tumeruhusiwa. Ila wanataka wawe wawili. Nipatie mtoto mwingine, wa uzito kama huyu."

Alininyanyulia macho. Hakulia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemweleza mgeni njia.

"Mzee," alisema, "hata huyo mmoja huna tena."

Kengele ya hospitali ikagonga saa tano. Ilikuwa zamu ya kuchungulia. Nikachungulia kioo juu ya kichwa chake, nikaandika: kiti cha dizeli nyuzi kumi na moja. Nikaenda la pili, nikaandika: kiti cha umeme nyuzi kumi na moja. Sikuamua kuandika. Mkono uliandika wenyewe, kama ulivyozoea.

* * *

Taarifa ya Tume ina kurasa mia nne na imejaladiwa kwa ngozi. Imeona kwamba dizeli na umeme, kwa habari ya kusubiri, vyote ni bora, na imependekeza kila mheshimiwa apewe magari mawili: la dizeli la kuendea kwa wananchi, ili wamsikie anakuja, na la umeme la kuondokea, ili wasimsikie anaondoka. Pande zote mbili zilifurahi. Profesa Ngwilizo alivishwa nishani. Gwaride sasa linafundishwa kupiga saluti kwa kutazama.

Katika jedwali la matukio, siku ya pili, imeandikwa: "Umeme ulikatizwa kwa muda. Jaribio halikuathirika." Sikupata safu ya kumwandika mjukuu wangu. Alikuwa hana jina, na safu ya kwanza inataka jina. Sista Wande alihamishiwa zahanati ya mbali kwa kosa la kuegemea mali ya serikali. Mimi nilipandishwa cheo.

Nina hasira. Naamka nayo na kunywa nayo chai. Nimejaribu kuipeleka kwa Profesa, kwa chaja, kwa Mganga aliyesaini bila kusoma, kwa yule Rais jirani aliyekuja kimya. Haikai kwa yeyote kati yao. Inarudi nyumbani kwangu.

Subilaga homa ilimtoka baada ya siku nane. Nilikwenda na chupa ya uji, nikaketi pembeni ya kitanda, nikamweleza yote kwa mpangilio: laini, chaja, jenereta, dizeli, kanuni ya nne, hotuba, wino wa kijani. Yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, mikono yake juu ya shuka.

"Sista Wande alikuja kuniaga," alisema. "Ameniambia mlango wa gari haukuwa umefungwa kwa ufunguo."

"Haukuwa umefungwa, mwanangu."

"Akasema dereva alikuwa tayari. Askari naye alikuwa tayari. Walikuwa wanakungoja wewe, baba, useme neno."

"Ni kweli."

"Ukasema nini?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini kumbukumbu zangu hazijawahi kurudishwa kwa kosa.

"Nilisema, ngoja niandike."